Batri ya Trakta Wakati wa Kiangazi

Huko Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, mwaka una sehemu mbili. Mvua huanza mwezi wa tisa, nayo huendelea, pamoja na mapumziko mafupi, mpaka mwezi wa tano. Kisha huja kiangazi: mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Udongo hukauka, majani hugeuka rangi, moshi wa mashamba yanayochomwa hujaa hewani, na majembe hutundikwa ukutani. Jembe likitundikwa halipotezi kitu. Baada ya miezi mitatu mwenyewe hulishusha, hulinoa, hulima. Lakini si kila chombo cha kulimia kina tabia ya jembe.

Tuseme mkulima mmoja wa Lusangi ana trakta ndogo ya bustani, nayo huwashwa kwa ufunguo na batri. Mtu huyu anakaa pamoja na wana wa dada yake, na mkubwa wao yuko darasa la sita. Mwisho wa mwezi wa tano mjomba aliosha trakta, akaiingiza katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akaifunika turubai. Alifanya vema. Lakini batri aliiacha ndani ya trakta, na waya zake zote zimefungwa.

Majuma mawili yalipita. Kisha redio ya nyumbani ikakosa mawe. Jioni ile palikuwa na mpira, na watoto wakamwomba mjomba ruhusa ya kufunga redio kwenye batri ya trakta. Akawapa. Kesho yake jirani akaleta simu yake apate kuitia nguvu. Kesho kutwa wakaja wawili. Mwezi wa saba, usiku mmoja, redio ikaanza kukoroma kama mzee, ikanyamaza. Watoto wakarudisha turubai juu ya trakta. Walifikiri batri imechoka, basi ipumzike.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa ilinyesha usiku. Asubuhi udongo ulikuwa laini, na kila nyumba ilitoka na majembe. Mjomba akakaa juu ya trakta, akageuza ufunguo. Trakta ikasema "tk". Akageuza tena. Haikusema neno.

"Mjomba, labda ingali usingizini," kijana akasema.

"Imelala miezi mitatu, baba. Usingizi gani huo?"

Wakaisukuma mpaka mtelemkoni, bure. Kijana akaenda kumwuliza mwalimu, ambaye alijua kutengeneza pikipiki. Mwalimu akaja na kipimo cha volti, akagusisha nchi zake mbili kwenye vichwa vya batri, akasoma: volti 9. Akafungua vifuniko juu ya batri, akachungulia. Maji yalikuwa yameshuka, na mabamba yaliyokuwa wazi yalikuwa na ukungu mweupe kama chokaa.

"Ninyi mlidhani imelala," mwalimu akasema. "Kumbe ilikuwa inakufa kidogo kidogo."

Ili kuelewa neno hilo, yafaa kujua kilichomo ndani ya batri.

Batri ya volti 12 ni sanduku lenye vyumba sita. Katika kila chumba mmesimama mabamba ya risasi, moja karibu na jingine bila kugusana. Mabamba ya upande mmoja ni risasi tupu, rangi ya kijivu. Mabamba ya upande wa pili ni risasi iliyoungana na oksijeni, rangi ya kahawa. Yote yamezama katika maji yaliyochanganywa na asidi ya kiberiti, asidi kali inayotoboa nguo na kuchoma ngozi. Kila chumba chatoa volti 2 na sehemu moja ya kumi. Zidisha kwa 6, utapata 12,6. Hiyo ndiyo batri iliyojaa.

Neno "volti" latokana na jina la Mwitalia Alessandro Volta. Mwaka 1800 alionyesha watu chombo cha kwanza cha kutoa umeme bila kukoma upesi, nacho ni babu wa mawe ya redio: kikiisha, kimekwisha. Miaka 59 baadaye, katika mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alikunja bati mbili za risasi, akazitenga zisigusane, akazitia katika asidi. Akaona jambo jipya. Chombo chake kikiisha nguvu, mtu aweza kuingiza umeme kwa kuurudisha nyuma, nacho hujaa tena. Batri za trakta na za magari ya leo bado ni za ukoo ule wa Planté.

Je, batri inapotoa umeme, nini hutokea? Asidi hutoka katika maji na kuingia katika mabamba. Mabamba ya pande zote mbili hugeuka kuwa chumvi nyeupe ya risasi, na maji hubaki karibu matupu. Batri inapojazwa, njia ni ile ile kwa kurudi: chumvi huyeyuka, asidi hurudi majini, mabamba hupata tena rangi zake. Hakuna kilichopotea.

Lakini ni lazima irudishwe upesi. Kila mtoto aliyewahi kuosha chungu ajua jambo hili. Ugali uliobaki chunguni, ukioshwa jioni ile ile, hutoka kwa maji tu. Ukiachwa siku tatu, hukauka, na hapo hata mchanga na jiwe havitoshi. Chumvi ya mabamba ni vivyo hivyo. Siku za kwanza ni laini, nayo hukubali kuyeyuka. Ikikaa majuma mengi, hugeuka fuwele ngumu, nayo hukataa. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo haifanyi kazi tena, hata batri ikijazwa mchana na usiku. Ndiyo iliyoipata batri ya mjomba. Redio na simu ziliitoa nguvu, na kosa hilo lilikuwa dogo. Kosa kubwa lilikuja baadaye, walipoifunika turubai hali ni tupu.

Tena batri ya kuwashia mashini si sawa na batri ya taa za jua. Ya kuwashia ina mabamba mengi membamba, kwa kuwa kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja na mashini yenyewe. Ya taa za jua ina mabamba manene, yapate kuvumilia kutumika usiku kucha. Kuifanya batri ya trakta iendeshe redio kila jioni ni kumtuma mkimbiaji kubeba gunia la mpunga.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini pana majira ya baridi kali. Maji huganda, theluji hufunika bustani, wala hakuna anayelima. Trakta za bustani husimama ndani ya vibanda, kama ile ya Lusangi wakati wa kiangazi. Kwa hiyo vitabu vinavyouzwa pamoja na mashini hizo huwa na onyo juu ya batri na baridi. Batri iliyojaa haigandi hata baridi ifike digrii 50 chini ya sifuri. Batri tupu, ambayo asidi yake imegeuka karibu maji, huganda kwenye digrii 7 hivi chini ya sifuri, na barafu hupasua sanduku lake.

Mtu wa Maniema akisoma ukurasa huo hucheka. Barafu itoke wapi? Afunga kitabu, nayo batri yake yafa vile vile. Kwa maana baridi, isipogandisha, ni rafiki wa batri: huichelewesha isipoteze nguvu. Adui wa batri katika nchi za joto ni joto lenyewe.

Batri ya risasi hujila. Hata ikifunguliwa waya zote na kuwekwa pekee juu ya rafu, mabamba na asidi huendelea kushughulika polepole. Mahali penye digrii 20, batri nzima hupoteza sehemu 3 hadi 5 kwa mia za nguvu yake kila mwezi. Joto likizidi digrii 10, upotevu huwa karibu mara mbili. Katika kibanda cha mabati saa nane mchana joto hupita lile la nje kwa mengi. Mtu akiingia hutoka jasho mara moja. Batri iliyoachwa humo tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa yaweza kupoteza robo ya nguvu yake, au zaidi, bila kuguswa na redio ya mtu yeyote. Batri kuukuu hupoteza upesi kuliko mpya.

Basi ifanyweje mashini inapowekwa kwa miezi mingi?

Kwanza batri itolewe katika trakta. Injini izimwe, ufunguo uondolewe. Waya wa alama ya kutoa (–) hufunguliwa kwanza, kisha wa alama ya kujumlisha (+). Wakati wa kurudisha, (+) hufungwa kwanza na (–) mwisho. Watu wengi hushika amri hii bila kujua maana yake. Maana ni hii: katika trakta nyingi waya wa (–) umefungwa kwenye mwili wa chuma wa mashini. Mtu akianza na (+), na ufunguo wake wa chuma ukagusa kichwa cha batri upande huu na mwili wa trakta upande wa pili, umeme wote hupita katika ufunguo ule. Cheche huruka, chuma huwa chekundu, na mkono huungua. Lakini waya wa (–) ukiwa umekwisha kufunguliwa, ufunguo wagusa mwili wa trakta bila madhara. Pete ya mkononi nayo ivuliwe kabla ya kazi.

Kisha batri isafishwe. Juu ya vichwa vyake mara nyingi huota unga mweupe au wa kijani. Unga huo na vumbi lenye unyevu ni njia ndogo ya umeme kutoka kichwa hiki mpaka kile, nayo hunywa nguvu usiku na mchana. Magadi yaliyoyeyushwa katika maji huua asidi. Mahali pasipo na magadi, maji ya majivu ya kuni hufanya kazi ile ile, ingawa polepole. Mtu apanguse kwa kitambaa kilicholowa, vifuniko vikiwa vimefungwa sana, ili tone lolote lisiingie ndani, maana magadi yakiingia yataua asidi ambayo batri yaihitaji. Baadaye hupangusa kwa maji safi, hukausha, na kupaka vichwa mafuta ya mashini.

Sasa ijazwe. Hili ndilo jambo la kwanza kwa ukubwa, na mengine yote ni wasaidizi wake. Chombo cha kujazia kisitoe umeme mwingi mno: sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa batri yatosha. Batri iliyoandikwa ampea-saa 40 yafaa kujazwa kwa ampea 4. Mwenye haraka akiijaza kwa ampea 20 huichemsha, na mabamba hupindika.

Wakati wa kujazwa, hasa mwishoni, maji hutoa mapovu. Mapovu hayo si mvuke. Ni hewa mbili, hidrojeni na oksijeni, nazo zikikutana na moto hulipuka. Sanduku hupasuka na asidi humrukia aliye karibu usoni. Watu wamepoteza macho kwa njia hii. Kwa hiyo batri hujazwa mahali penye madirisha wazi, wala mtu asiichungulie kwa kibatari, kiberiti au sigara mdomoni, hata kama kibanda ni giza. Asubuhi haichelewi kuja. Mtu akirukiwa na asidi jichoni au mwilini, aoshwe mara hiyo kwa maji mengi safi, kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha apelekwe kwa mganga wa zahanati. Magadi hayatiwi jichoni kamwe.

Mahali pasipo na umeme wa waya, paneli ya jua ni mjazaji mzuri. Lakini kati ya paneli na batri pawe na kile kisanduku cha kupima, kiwezacho kukata umeme batri inapojaa. Wengine hukiacha kwa kuokoa franka chache, wakifunga waya za paneli moja kwa moja kwenye batri. Batri huchemka kila mchana, maji huisha, na mwaka haumaliziki kabla hawajanunua nyingine.

Kuhusu maji: katika batri yenye vifuniko vya kufunguka, maji hufunika mabamba kwa kadiri ya upana wa kidole kidogo. Yakipungua huongezwa, lakini asidi haiongezwi, kwa sababu asidi hairuki hewani. Kinachopungua ni maji peke yake. Ikiwa mabamba yangali yamefunikwa, batri ijazwe umeme kwanza, kisha ndipo maji yaongezwe, kwa kuwa maji hupanda batri inapojaa, nayo yangemwagika nje pamoja na asidi.

Tena si maji yoyote. Maji ya mto na ya kisima, hata yakiwa meupe na matamu kinywani, yana chuma na chokaa ndani yake, navyo huharibu mabamba. Yatakiwa maji ya mvuke, yaani yaliyochemshwa, na mvuke wake ukapozwa ukawa maji tena. Huuzwa mjini katika chupa. Wale wapikao lutuku wajua sana kazi ya kupoza mvuke, ila wao wana shabaha nyingine, na mtungi wao hauwezi kuaminiwa kwa batri. Mtu akikosa kabisa maji ya mvuke, atege maji ya mvua yanayotoka moja kwa moja mbinguni, katika beseni safi la plastiki, baada ya mvua kunyesha kitambo na kuosha hewa. Maji yaliyopita juu ya mabati hayafai. Kwa sababu hiyo mwenye busara hutega chupa mbili mwezi wa nne au wa tano, maana mwezi wa saba hatapata tone.

Batri nyingine zimezibwa kabisa, hazina vifuniko. Hizo zisifunguliwe kwa kisu. Hutunzwa kwa kujazwa na kupimwa tu.

Mahali pa kuiweka ni pale penye ubaridi na pakavu: chumba cha nyumba ya matofali au ya udongo chafaa kuliko kibanda cha mabati. Isiwe katika chumba cha kulala, wala karibu na jiko, wala chini mahali watoto wadogo watambaapo. Wazee wengi husema kwamba batri ikiwekwa juu ya sementi, sementi huinyonya nguvu. Zamani masanduku ya batri yalikuwa ya mbao na ya mpira, yaliyopitisha unyevu, na neno lile lilikuwa na haki yake. Masanduku ya siku hizi ni ya plastiki, na sementi haiwezi kuyanyonya kitu. Hata hivyo kuiweka juu ya ubao si vibaya, kwa kuwa hukaa kavu na safi.

Kisha ipimwe kila mwezi. Batri hupimwa ikiwa imetulia saa kadhaa, si mara tu baada ya kujazwa, maana hapo hudanganya. Volti 12,6 au 12,7 ni batri iliyojaa. Volti 12,4 ni robo tatu: ijazwe sasa, isingojwe. Volti 12,0 ni karibu robo moja tu, na chumvi imekwisha kuanza kukauka juu ya mabamba. Namba hizi huwapotosha watu. Mtu aona 12 imeandikwa juu ya sanduku, apima na kuona 12, ashukuru, aenda zake, na kumbe batri yake ina njaa kali.

Batri za simu na za taa ndogo mpya ni ukoo mwingine. Hazina risasi, zina lithiamu, madini ambayo yako mengi huko Manono, katika jimbo la Tanganyika. Hizo zikiwekwa kwa muda mrefu hupenda kuachwa nusu, si kujazwa. Haifai kuchukua amri ya ukoo mmoja na kuwatwika wengine.

Turudi kwa mjomba. Mwalimu alijaribu kuijaza batri ile kwa siku mbili, polepole. Ilipanda mpaka volti 12, na baada ya usiku mmoja ikarudi 10. Ilikuwa imekufa. Batri mpya ilibidi itoke mjini, juu ya pikipiki, katika njia iliyokwisha kuharibiwa na mvua, nayo majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Mjomba alilima kwa jembe sehemu aliyoweza.

Batri iliyokufa ilibaki nje, karibu na ukuta. Siku moja akaja mtu mwenye kutengeneza bunduki za kuwindia. Akaomba kuinunua. "Nitaivunja," akasema. "Ndani mna risasi nyingi. Nitayeyusha hapa hapa jikoni kwenu, nanyi mtapata yenu ya kutia katika nyavu."

Bei aliyotaja haikuwa mbaya, na mjomba alikuwa na deni. Lakini kijana alikuwa amesikia jambo shuleni, akamvuta mjomba kando.

Jambo lile lilitokea Dakar, nchini Senegal, katika mtaa uitwao Thiaroye-sur-Mer. Watu wa huko walikuwa wakivunja batri kuukuu, na risasi ilijaa mchangani miaka mingi. Kisha bei ya risasi ikapanda. Wanawake wakaanza kuuchimba mchanga ule, kuupepeta, na kuchukua mifuko yake mpaka nyumbani. Vumbi likaingia katika nguo, katika mikeka, katika vidole vya watoto. Tangu mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2007 mpaka mwezi wa tatu wa mwaka 2008 watoto 18 walikufa. Shirika la Afya la Ulimwengu likatuma wataalamu, nao wakakuta risasi nyingi katika damu ya ndugu zao na mama zao waliobaki. Karibu na Mombasa, nchini Kenya, watu wa mtaa wa Owino Uhuru nao walipata sumu hiyo kutoka kiwanda kilichoyeyusha batri. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 hakimu aliamua walipwe fidia.

Risasi haina harufu wala uchungu. Mtoto mdogo huila kwa kutia mkono mdomoni, na mwili wake huipokea mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Hupungukiwa damu, huumwa tumbo, huwa mzito wa kujifunza, na ikizidi hupata degedege. Akili iliyoharibiwa na risasi hairudi. Wala kuchemsha moshi ule jikoni mara moja tu si jambo dogo, kwa kuwa vumbi hubaki sakafuni baada ya mgeni kuondoka.

Mjomba alimtazama mpwa wake mdogo wa kike, aliyekuwa amekaa pale pale chini akichezea udongo. Akamrudia yule mtu.

"Ndugu, batri hii haivunjwi hapa. Nitairudisha nzima kwa mwuzaji."

"Kwa mwuzaji utapata kidogo."

"Nitapata hicho kidogo."

Aliisimamisha wima katika beseni la plastiki, asidi isimwagike, akaifunga juu ya pikipiki, akaipeleka mjini pamoja na fedha za batri mpya. Mwuzaji akampunguzia bei kwa ajili ya ile ya zamani, kwa maana wenye viwanda huzinunua.

Mwaka uliofuata, mwisho wa mwezi wa tano, batri mpya ilikaa juu ya ubao katika chumba cha akiba, mlango umefungwa. Kijana alitundika karatasi ukutani. Aliandika mwezi wa sita: 12,7. Mwezi wa saba: 12,5. Mwezi wa nane: 12,4, na chini yake: "imejazwa". Jioni moja jirani akaja na simu yake, akauliza kama batri iko.

"Iko," kijana akasema, "lakini ina kazi yake."

MAULIZO

Batri ina vyumba vingapi, na kila chumba chatoa volti ngapi?

Kwa nini waya wa (–) hufunguliwa kwanza?

Batri iliyojaa hupoteza sehemu 8 kwa mia za ujazo wake kila mwezi. Baada ya miezi mitatu imebaki na sehemu ngapi kwa mia? Je, yapaswa kujazwa?

Batri ya ampea-saa 60 yafaa kujazwa kwa ampea ngapi?

Uliza nyumbani batri zilizokufa hutupwa wapi. Uende ukatazame mahali pale bila kugusa kitu, kisha umweleze mwalimu ulichoona.